Nilipoacha cherehani ya kukanyaga, miguu ikaanza kunikimbiza

Shikamoo mama,

Mimi ni fundi nguo, nina miaka 43, naishi Morogoro na mume wangu na watoto watatu. Hatujagombana na baba watoto, lakini tangu Ramadhani iliyopita yeye analala sebuleni kwenye mkeka na mimi chumbani, na majirani wameshaanza kuhesabu. Sababu ni miguu yangu.

Sijui hata nikuelezeje. Maumivu siyo, ganzi siyo. Ni kama kuna kitu kinatambaa ndani, katikati ya mfupa wa muundi na nyama ya shavu la mguu, halafu kinavuta. Nikijikuna sikifikii. Nikiinuka nikatembea kutoka kitandani mpaka mlango wa uani, kimekwisha. Nikirudi, sijavuta shuka vizuri, nacho kimerudi. Kinaanza saa mbili usiku tukikaa kuangalia taarifa ya habari, kinachacha kuanzia saa nne mpaka saa saba au nane. Alfajiri ikikaribia kinaniacha, nalala kama gogo, na hapo ndipo mtoto anatakiwa kuamshwa aende shule. Mume wangu anasema hata nikishapitiwa na usingizi nampiga mateke: teke moja, kimya kidogo, teke lingine. Asubuhi mimi sina habari.

Kwenye tarawehe sina shida, rakaa zote nasimama na wenzangu. Shida ni mawaidha. Tukikaa tu kumsikiliza shehe, miguu inaanza, natoka nje kama mtu aliyepigiwa simu.

Tatizo lenyewe lilikuwepo kwa mbali miaka mingi, lilikuja sana nilipokuwa na mimba ya mtoto wa mwisho, likapoa. Miaka 14 nimeshona kwa cherehani ya kukanyaga. Mwaka jana nikapata zabuni ya sare za shule, nikanunua ya umeme, nikawa nakaa nayo mpaka saa tatu usiku. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mama mkwe anasema ile cherehani niliinunua kwa mtu, imekuja na kitu chake. Amenipeleka kwa mtaalamu, nimefungwa hirizi kifundoni, na wiki ijayo ametaka nikachanjwe chale.

Zahanati nimekwenda mara mbili. Malaria hakuna, sukari hakuna, damu 12.1, nikaambiwa damu yako nzuri, punguza mawazo. Nikapewa diklofenaki, haikusaidia kitu. Sasa usiku nakunywa Piriton mbili ili nilale, siku hizi tatu, lakini naona kama miguu ndiyo inazidi. Kijana wa duka la dawa ameniandikia jina kwenye kikaratasi, pramipeksoli, anasema ndiyo dawa yake, niagize Dar. Niagize?

Mengine nakuambia kwa sababu hunijui. Natafuna mchele mbichi. Naweka kikombe pembeni ya cherehani, mpaka jioni kimekwisha. Siku zangu ni nzito, siku nane, natumia kitambaa juu ya pedi, lakini nimezoea. Marehemu baba naye alikuwa hakai. Usiku anazunguka uani, sisi tukisema analinda kuku. Na binti yangu wa miaka tisa ameanza kulalamika miguu usiku.

Mwezi ujao tuna harusi Mbeya, safari ya basi ya kutwa nzima. Naiogopa kuliko nilivyoogopa kujifungua. Na kuna mwenzangu anataka kununua ile cherehani yangu ya zamani kwa shilingi 150,000, nimemwambia asubiri.

Fundi, Morogoro

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, maana majibu mengi umeyaandika mwenyewe bila kujua. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi kabla ya kustaafu, na ni mara chache mgonjwa hutaja mchele, pedi, Piriton na baba yake kwenye karatasi moja. Kwa kawaida hivyo vinne huwekwa kwenye vyumba vinne tofauti, na kila chumba hupewa dawa yake.

Ulicho nacho kina jina: ugonjwa wa miguu isiyotulia. Si mpya wala haukuja na cherehani. Daktari Mwingereza aitwaye Thomas Willis aliuandika mwaka 1672, akasema wagonjwa hawa hawawezi kulala sawasawa na mtu aliyefungwa mahali pa mateso. Katika miaka ya 1940 daktari wa Sweden, Karl-Axel Ekbom, akaupa jina linalotumika hadi leo. Hakuna picha ya eksirei inayouonyesha. Unatambuliwa kwa kumsikiliza mgonjwa: je, unapata hamu ya kusogeza miguu usiyoweza kuizuia? Inakuja ukitulia? Inapungua ukitembea? Usiku ni zaidi ya mchana? Na hakuna jambo lingine linaloeleza hali hiyo? Mimi ulinimaliza pale kwenye tarawehe. Mtu mwenye matatizo ya magoti au mishipa angekimbia rakaa, akafurahia mawaidha. Wewe ni kinyume chake.

Kwa hiyo lile neno la zahanati, punguza mawazo, liweke kando. Mawazo unayo kwa sababu hulali. Silaumu sana, kwa maana somo hili wengi wetu hatukufundishwa. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliofanywa kaskazini mwa Tanzania, na waliokutwa na ugonjwa huu walikuwa wachache mno ukilinganisha na Ulaya au Marekani. Labda kweli kwetu ni wachache. Lakini mimi huwa najiuliza ni wangapi walioulizwa habari za miguu wakati wao waliona ni habari ya jini, au ya kulinda kuku.

Sasa kikombe cha mchele. Hilo si jambo la kuonea aibu, ni kipimo cha maabara kilichokaa pembeni ya cherehani yako. Mtu mzima anayetamani mchele mbichi, udongo wa pemba au barafu, mara nyingi mwili wake umeishiwa madini ya chuma. Ongeza siku nane za damu kila mwezi, kitambaa juu ya pedi. Mwanangu, hujazoea, umevumilia tu. Na chuma ndicho kiini cha habari yote hii, kwa sababu ubongo unakihitaji ili dopamini ifanye kazi yake, na dopamini ni mojawapo ya vitu vinavyotuliza miendo ya mwili. Chuma kikipungua ubongoni, miguu inakosa wa kuituliza, hasa jioni.

Utaniambia damu yako ni 12.1. Ndiyo, na hapo ndipo wengi wanapopotezewa njia. Ile namba inahesabu damu inayozunguka, haihesabu akiba. Ni kama kuangalia unga uliomo kwenye sufuria ukasema ghala limejaa. Mwili ukianza kuishiwa, hukwangua ghala kwanza ili sufuria isipungue. Kipimo cha ghala kinaitwa feritini. Zahanati nyingi hazina, hospitali za mkoa na maabara kubwa za binafsi wanacho, na kwenye fomu kitaandikwa Ferritin. Nenda asubuhi kabla ya kula, na usiende ukiwa na homa, mafua au kidonda kibichi, maana maambukizi huipandisha namba hiyo kwa uongo.

Ukipewa majibu usisome pale palipoandikwa "kawaida". Maabara nyingi huanza kuhesabu kawaida kwenye 15 au chini yake. Kwa mtu mwenye miguu kama yako, mstari unaotazamwa na madaktari wa ugonjwa huu ni 75. Ikiwa yako ni 20, karatasi itasema uko salama na miguu itasema haiko salama, na miguu ndiyo yenye haki. Andika hiyo 75 nyuma ya mkono ukilazimika, umwonyeshe daktari kwa heshima.

Ikionekana ni ndogo, utaanzishiwa vidonge vya chuma. Unavijua, ni ndugu wa zile FEFO ulizopewa kliniki ukiwa mjamzito, na huenda ndizo zilizokuponesha kimya kimya baada ya kujifungua, ingawa kwa wajawazito wengi hali hii hupoa yenyewe mtoto akishatoka. Takriban mjamzito mmoja kati ya watano huipata, zaidi ile miezi mitatu ya mwisho. Mimi mwenyewe mimba ya pili niliomba zamu za usiku, watu wakanisifu kwa kujituma. Kumbe nilikuwa natafuta korido ya kutembea. Wodini usiku miguu yangu ilikuwa kimya, nyumbani kitandani ilikuwa ngoma.

Kidonge kimoja kwa siku kinatosha, au siku moja unakunywa na siku moja unaruka, kama daktari atakavyokupangia. Kumeza vitatu kwa pamoja hakuongezi kitu ila kufunga choo. Kinywe na maji ya chungwa, embe au limau. Choo kitakuwa cheusi, usitishike. Halafu chai. Umeniambia mengi lakini hukuniambia unakunywa chai saa ngapi, nami nitabahatisha: chai ya rangi, nzito, pamoja na chakula au mara tu baada yake. Chai hufunga chuma tumboni kisifyonzwe, na kafeini yake jioni huchokoza miguu. Unaumizwa mara mbili kwa kikombe kimoja. Isukume hadi katikati ya asubuhi, mbali na chakula na mbali na kidonge. Maziwa nayo yasikutane na kidonge. Maini, dagaa, maharage na mboga za majani ni vizuri sana, ila vyakula peke yake havitajaza ghala lililokauka hivyo. Vinasaidia lisikauke tena.

Usinunue vidonge vya chuma ukaanza tu bila kupima. Chuma kikizidi hakina mlango wa kutokea, na kwenye ukoo wenye sikoseli hilo ni jambo la kuulizia kabla. Ukianza, jipe miezi mitatu, kisha pima tena. Ikiwa tumbo limekataa au namba haipandi, kuna chuma cha kuingiziwa kwa mshipa, hospitali kubwa.

Lakini hata tukijaza vipi, siku nane za damu ni kujaza maji kwenye pakacha. Nataka uende kwa daktari wa wanawake upigwe utrasaundi. Kwa umri wako, uvimbe wa kizazi ndio mtuhumiwa wa kwanza, na kuna dawa za kupunguza damu kabla ya kuzungumzia kisu. Waombe pia wapime choo, kama unalima bustani peku. Minyoo ya safura hunywa damu taratibu na haisemi. Usidhani uko peke yako: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Hao ni wale ambao hata sufuria ilishapungua. Wenye ghala tupu na sufuria nzima, kama ninavyokuhisi wewe, hawamo kwenye hesabu hiyo.

Tuje kwenye Piriton, na hapa sina upole. Iache usiku wa leo.

Dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, Piriton, Phenergan, na dawa nyingi za kikohozi za maji, huchochea miguu hii. Zinakupa usingizi wa kichwa huku zikiwasha moto miguuni, ndiyo maana umetoka mbili ukafika tatu na hali inazidi. Umeliona mwenyewe, ukalikataa kwa sababu kidonge ni cha manjano na kidogo na kila nyumba inacho. Plasil ya kutapika nayo ni hivyo hivyo. Baadhi ya dawa za akili na za sonona, amitriptilini ikiwemo, huweza kufanya vivyo hivyo, ila hizo mtu asiache mwenyewe, azungumze na aliyemwandikia. Ukiwa na mzio wa kweli, ulizia setirizini au loratadini, hizo zina nafuu kwa miguu. Usiku mbili tatu za kwanza bila Piriton zitakuwa mbaya. Nakuambia mapema ili usiku wa pili usiniandikie barua ya matusi.

Kikaratasi cha kijana wa dukani kiweke kwenye Kurani au kwenye droo, popote, ila usiagize. Hakukudanganya. Pramipeksoli ni dawa ya ugonjwa huu kweli, na wiki za kwanza ungemwombea dua. Tatizo huja baadaye. Kwa watu wengi, baada ya miezi au miaka dawa hiyo hugeuka: miguu iliyokuwa ikianza saa mbili usiku inaanza saa kumi jioni, kisha saa saba mchana, kisha mikono inaingia. Mgonjwa anaongeza kidonge, na kadiri anavyoongeza ndivyo inavyozidi, na kuiacha ghafla ni mateso. Wengine huingiwa na tamaa wasizokuwa nazo, za kamari au kununua vitu ovyo, na kwa mji ulivyojaa vibanda vya kubeti hilo si la kuchezea. Mwanzoni mwa 2025 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilishauri isiwe tena dawa ya kawaida ya kuanzia. Siku hizi, ikiwa chuma kimeshughulikiwa na bado hulali, daktari huanza na gabapentini au pregabalini. Hizo nazo zina kizunguzungu na usingizi wa asubuhi, zinahitaji figo zijulikane hali yake, hazipatani na pombe wala ile dawa ya maumivu, tramadoli, na mtu mwenye sindano ya umeme inayokwenda kasi chini ya vidole vyake anapaswa kuzianza kwa dozi ndogo, usiku tu. Kwa hiyo ni za daktari, si za kikaratasi.

Watakuuzia pia magnesiamu, za kumeza na za kupaka. Ushahidi wake ni mwembamba. Ukipaka, kitakachokusaidia ni mkono unaosugua.

Na kusugua kunasaidia kweli. Kabla hujapanda kitandani, usisubiri mpaka vita ianze. Saa mbili na nusu simama kwenye ngazi ya mlango, vidole juu, visigino vikining'inia nje, ushuke taratibu mpaka shavu la mguu livutike, uhesabu thelathini, urudie mara chache. Kisha beseni la maji ya moto hadi chini ya goti, na umsugue mwenzio naye akusugue. Wengine hupenda maji ya baridi, jaribu yote. Kutembea kila siku jioni mapema ni dawa, ila kazi nzito ya jasho usiku huamsha miguu badala ya kuilaza. Ukishindwa kitandani, usilale pale ukishindana. Inuka, tembea, shika kazi ya mikono inayoteka akili, kufuma au kutarizi kofia. Ni ajabu lakini ni kweli: akili ikishikwa na jambo inalolipenda, miguu hupoa. Taarifa ya habari haikuteki, ndiyo maana inaanzia hapo. Itazame umesimama, ukipiga pasi sare za watu.

Kwa kuwa usingizi wako mzuri ni wa alfajiri, mwombe baba watoto amwamshe mtoto wa shule kwa mwezi huu mmoja. Na msomee sehemu hii, au mpe asome: mateke yale ni ya ugonjwa, misuli inajikaza yenyewe kila baada ya sekunde kadhaa, na wengi wenye ugonjwa huu wanayo. Mkeo hapigi mtu ndotoni wala hana la moyoni. Arudi chumbani, aweke mto mrefu katikati. Mkeka wa sebuleni unamuumiza mgongo yeye na sifa wewe.

Mama mkwe mheshimu. Hirizi ya kifundoni sina ugomvi nayo, hainywi damu. Kuchanjwa ndiko usikubali. Wembe una magonjwa yake, na wewe damu huna ya kugawa. Mwambie daktari amekataza usitokwe na damu mpaka vipimo vitoke. Si uongo, nimekataza mimi.

Baba yako, naamini, hakuwa akilinda kuku. Hali hii hukaa kwenye koo, hasa inapoanza mapema, na binti yako wa miaka tisa huenda ameirithi. Usimkemee asipotulia darasani au chuoni. Mpeleke apimwe feritini naye, na dawa za wakubwa zisimguse. Usiku msugue miguu wakati mnazungumza. Kama akilala vizuri na mchana anacheza, hapo pa kukimbilia hospitali kwa haraka hapapo.

Pa kukimbilia haraka ni hapa: mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na unauma, hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda, usisubiri. Ganzi inayokaa mchana na usiku bila kujali umekaa au umesimama, nayo ina habari yake.

Mbeya utakwenda. Panda basi la alfajiri kabisa, wala usikubali la usiku hata nauli ikiwa nusu, maana asubuhi miguu yako imelala. Omba kiti cha upande wa njia. Kwenye kituo cha kula, wacha wenzio wagombanie chipsi, wewe zunguka basi mara tano kwanza. Beba pindo za magauni ya harusi ushone kwa mkono njiani. Usinywe kahawa, usimeze dawa ya kutapika ya safarini bila kuuliza, kwa sababu nyingi ni ndugu wa Phenergan. Na kabla ya usiku wa kukesha kwenye shughuli, usiwe na hofu hata kidogo: watakaokuwa wanacheza hadi saa tisa ndio watu wako.

Nimebakisha cherehani. Miaka 14 ulikuwa unakanyaga kutwa, na jioni ulikuwa ukikanyaga wakati ambapo miguu ilitaka kusogea. Ulikuwa unajitibu na kulipwa. Ya umeme ikakukalisha kimya kwenye saa mbaya kuliko zote, ukiwa na mchele pembeni na ghala tupu. Kwa hiyo hakuna kilichokuja na cherehani mpya, ila kuna kilichoondoka na ile ya zamani. Ya umeme itumie mchana kwa sare. Ikigonga saa kumi na mbili jioni, hamia kwenye ya kukanyaga, umalizie vishikizo na pindo.

Mwenzako mwambie haiuzwi.